Breki na Adabu za Ukwe

Kamionete ya marehemu baba mkwe wangu ililetwa uani kwetu ikivutwa kwa mnyororo nyuma ya lori la mchele. Dereva wa lori aliifungua mnyororo, akaiangalia mara moja, akacheka, akaenda zake. Tuliiacha chini ya mti wa msafu, na kwa miezi mingi kazi yake ilikuwa moja tu: bata wetu walitagia kwenye kiti chake cha mbele.

Tulikuwa tunakaa mjini, katika komini ya Tshopo, upande ambao mvua zikizidi unasikia bwawa la umeme linavyonguruma. Ilikuwa Zaire bado, na mimi nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya sekondari. Nilikuwa na abakosti moja ya kazini, ile suti ya bila tai, chaki mfukoni, na hasira za karibu ambazo wanafunzi walizijua vizuri. Mke wangu alikuwa mkunga. Kwao ni watu wa mto, wa Yanonge. Kwetu ni Maniema. Tulipooana, watu wa pande zote mbili walituonea huruma, na hadi leo sijui ni kwa nini.

Baba mkwe wangu alikuwa dereva. Miaka zaidi ya ishirini alizunguka vijijini na kamionete ile akinunua mchele na mawese, na hakuwahi kuajiri msaidizi. Alisema wasaidizi wanaiba na wanalala. Msaidizi wake alikuwa mke wake. Mama yule alikaa pembeni yake njia zote zile, akashika taa, akapokea spana, akasukuma kwenye matope, akasikiliza injini. Mume alipofariki, mama alikuja kukaa kwetu mjini, na kamionete ikamfuata kwa mnyororo kama nilivyosema.

Sasa hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Kaka mkubwa wa marehemu, ambaye mke wangu alimwita papa mukubwa, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika familia ya Yanonge. Watu wengine wa familia walitaka kuigawana ile gari: huyu injini aifunge kwenye mashua, yule magurudumu, mwingine bati. Mama mkwe wangu alikataa. Alisema gari ile bado ina uhai. Papa mukubwa alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake ilikuwa fupi. Alileta neno kwamba siku ya kuondoa matanga, mwaka mmoja baada ya mazishi, kamionete ifike Yanonge. Ikifika kwa magurudumu yake yenyewe, atasema ni ya nani. Ikishindwa kufika, vijana watakuja na vyombo vyao waifungue vipande vipande palepale uani kwangu.

Mke wangu aliniletea habari hiyo jioni, akaniambia mama hajala. Nilitoka nje nikamwona amekaa upande wa pili wa uwanja, ameipa nyumba mgongo, anaitazama kamionete. Sikuweza kumwendea. Na kama nisipoeleza kwa nini, hutaelewa lolote katika mambo yaliyofuata.

Katika familia ya mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni. Hawali mbele ya mwenzake, hawapeani mkono, hawakai benchi moja. Hakuna ugomvi ndani yake. Ni heshima, na ni heshima nzito. Hata kuzungumza wanazungumza kwa kupitia mtu mwingine. Kwetu Maniema pia tunamheshimu mkwe, lakini tunamsalimia! Mwanzoni niliona ni kazi bure. Kisha nikazoea, hata nikaanza kuona raha yake, maana mama mkwe asiyeweza kukugombeza ni neema.

Niliamua kuitengeneza ile gari. Sikuwahi kufungua injini maishani mwangu. Nilijua tu kuichora ubaoni, silinda na pistoni, kwa chaki ya rangi mbili. Lakini nilijiambia kwamba mtu anayefundisha jambo hawezi kushindwa kulifanya. Wewe cheka tu, mke wangu pia alicheka.

Nilianza Jumamosi moja baada ya salongo. Kila Jumamosi asubuhi raia wote walitakiwa kufyeka majani na kuzibua mitaro, na ukitoka hapo mikono imeshachoka na imeshachafuka, kwa hiyo ilikuwa saa nzuri ya kuanza kazi ya grisi. Niliwahamisha bata, wakanilaani kwa lugha yao. Nikafungua kapo, kile kifuniko cha injini, nikasimama nikitazama ndani kwa muda mrefu, nikiwa nimekunja uso kitaalamu. Kisha nikashika nati ya kwanza niliyoiona, nikaanza kuigeuza.

Nilisikia sauti ya mama mkwe wangu kutoka upande wa pili wa gari. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango uliofunguka, sikumwona ila ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anasema na gari.

"Weye motuka," alisema taratibu, "hiyo nati bakifungua, maji yote itamwangika. Ile banatafuta iko chini."

Nilisimama kama nilivyo. Mke wangu alikuwa kazini, uani hatukuwa na mtu wa kupitishia maneno. Basi na mimi nikakohoa kidogo, nikaijibu kamionete. Nikaiambia imwambie mama kwamba nimesikia na nashukuru. Na hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miezi mitatu: yeye akisema na gari, mimi nikiijibu gari, na bati la gari likiwa katikati yetu muda wote. Nikienda kulia, yeye alihamia kushoto. Nikiingia chini, yeye alisogea mbele. Majirani waliopita walidhani tumerukwa na akili, familia nzima.

Nitasema ukweli: sijawahi kuwa na mwalimu mzuri kama yule. Alijua gari lile kwa masikio. Nilipofanikiwa kuwasha injini kwa mara ya kwanza, ilikohoa, ikatetemeka, ikazima. Mimi nilikuwa tayari natafuta kosa kwenye umeme. Yeye aliiambia gari kwamba inavuta hewa mahali fulani, kwenye joint ya karburata, ile gasketi ya kuziba, na kwamba marehemu alikuwa anazikata joint mwenyewe kwa karatasi ngumu. Nilichukua jalada la faili la shule, nikaliweka juu ya chuma, nikaligonga kingo kidogokidogo kwa nyundo mpaka umbo likajichora lenyewe. Nikalikata kwa wembe. Injini ikakaa vizuri. Mkuu wa shule alilitafuta faili lile muhula mzima.

Wakati ule maduka ya vipuri mjini yalikuwa na rafu ndefu na vumbi la kutosha. Ukiuliza kitu, mwenye duka anakutazama kwa masikitiko kama umeuliza habari za ndugu yake aliyepotea. Kwa hiyo kila kitu tulikitafutia njia. Tanki la petroli lilikuwa linavuja. Tulisugua kipande cha sabuni kwenye ufa mpaka ukaziba, na kila wiki tulisugua tena. Springi ya nyuma ilikuwa imevunjika bamba moja. Nilichonga kabari ya mti mgumu, nikaifunga kwa mpira wa ndani wa tairi uliokatwa kamba ndefu, nikavuta mpaka mikono ikafa ganzi. Sakafu ya nyuma ilikuwa imeoza. Niliibandua yote, nikaweka mbao za mtumbwi mzee ambao mvuvi mmoja aliutupa, zina harufu ya samaki mpaka leo puani mwangu.

Nilipomaliza sakafu niliongeza na benchi. Hilo hakuna aliyeniomba. Mama asingeweza kukaa pembeni yangu mbele, hilo lilijulikana, na sikutaka mjane aende kuondoa matanga ya mume wake akiwa amekaa juu ya gunia. Nilimtengenezea benchi lenye mgongo, likaegemea kabini, nikalifungia kwa boliti nne. Niliposhuka kwenda kunawa, nilimwona kwa pembe ya jicho anapanda nyuma ya gari. Alikaa kwenye benchi, akajitikisa kidogo, akaegemea. Alikaa pale mpaka mke wangu akarudi kutoka kazini. Nilikuwa na furaha siku ile ambayo sikuiona hata siku nilipopata diploma.

Zilibaki breki.

Breki za gari lile zilikuwa za mafuta. Unakanyaga, mafuta yanasukumwa kwenye mabomba membamba mpaka kwenye magurudumu, na gari linasimama. Somo lile nimelifundisha mara nyingi kuliko nilivyosali. Lakini hewa ikiingia kwenye mabomba, unakanyaga hewa, na gari linaendelea na safari yake. Nayo njia ya Yanonge inaanzia ng'ambo, Lubunga. Lazima ushuke ukingo wenye mteremko mkali kuingia kwenye kivuko, na mbele ya kivuko ni mto mzima wa Zaire. Bila breki ungeingia mtoni na gari lako. Mke wangu alisema wazi kwamba hatakubali mama yake na mume wake wazame kwa pamoja, kwa sababu hatajua aanze kumlilia nani.

Mafuta ya breki hayakupatikana popote. Mke wangu ndiye aliyetuokoa. Alikuwa amemzalisha mke wa dereva wa shamba moja la kahawa, mapacha, kazi ngumu, na yule dereva akamletea chupa moja kama shukrani. Chupa moja tu. Nilibadilisha mipira ya silinda kwa ile tuliyoitoa kwenye gari jingine lililokufa, nikamimina mafuta, na ikabaki kazi ya kutoa hewa.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kabini anakanyaga pedali mara kadhaa, kisha anashikilia. Mwingine amelala chini kwenye gurudumu, anafungua skrubu ndogo, mafuta yanaruka pamoja na hewa, anafunga. Baada ya kufunga, na hapo tu, yule wa kabini anaachilia mguu. Akiachilia kabla, hewa inanyonywa ndani upya na kazi yote ni bure. Ni suala la sekunde. Fungua, funga, achilia.

Mke wangu alikuwa na zamu ndefu wiki ile, na watoto wetu walikuwa wanatambaa bado. Wa kukanyaga alikuwa mama mkwe wangu, na yeye mwenyewe aliijua kazi ile, aliifanya na mume wake mara nyingi. Lakini na mume wake walikuwa wakipigiana kelele. Sisi tulikuwa na gari la kusemeshana.

Siku ya kwanza nilikuwa nimelala chali chini ya gurudumu la nyuma la kulia, mavumbi machoni, spana mkononi. Nikaiambia gari kwamba kama mama hana kizuizi, na kama ataona inafaa, basi anaweza kukanyaga. Akakanyaga. Nikafungua. Mafuta yakaruka. Nikaanza kuiambia gari imwombe mama aendelee kushikilia kidogo, tafadhali, na kabla sijafika kwenye tafadhali mguu wake ulikuwa umeshachoka, pedali ikarudi, na nikasikia hewa ikiingia, fyuu. Naye upande wake hakuweza kuniambia funga, maana huwezi kumwamuru mkwe. Alikuwa anaiambia gari kwamba labda wakati wa kufunga umekaribia.

Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu nilijaribu kupanga kwa kugonga bati, mara moja ni kukanyaga, mara mbili ni kushikilia, lakini nikiwa chini nikagonga kwa bahati mbaya kwa spana na mambo yakaharibika zaidi. Siku ya nne gurudumu lilelile la kwanza lilikuwa bado lina hewa, na kila mara mafuta mengine yalimwagika mchangani. Heshima si utumwa, wanasema wahenga. Sisi ilikuwa imetufanya watumwa na ikatufunga mikono.

Ilifika Ijumaa. Jumapili ilikuwa siku ya kuondoa matanga, na Jumamosi mara baada ya salongo tulitakiwa kuwa kivukoni. Nilitazama chupa: mafuta yalibaki urefu wa kidole. Yakiisha, yameisha, na vijana wa Yanonge watakuja na nyundo zao. Nililala chini. Mama akapanda kabini. Nikaiambia gari maneno yangu yote ya adabu, akakanyaga, nikafungua, mafuta yakaruka, na nikaona kwa macho yangu povu limekwisha, mafuta safi yanatoka, na papo hapo nikahisi pedali inaanza kulegea.

Sikufikiri. Nilipiga kelele kwa sauti niliyokuwa naitumia kwa darasa la watu hamsini.

"Kanyaga! Shikilia! Usiachilie mguu, nakuambia, usiachilie!"

Pedali ikasimama pale pale, ngumu. Nikafunga skrubu. Nikapiga kelele tena, achilia, akaachilia. Kanyaga tena, akakanyaga. Tulizunguka magurudumu yote manne hivyo, mimi nikifoka chini na yeye akikanyaga juu, na mafuta yakatosha kwa tone la mwisho. Haikuchukua hata nusu saa. Siku nne za adabu, na nusu saa ya ufidhuli.

Niliona miguu yake ikishuka kabini. Alifunga kitenge chake vizuri, akaingia ndani bila kuiambia gari neno. Nilibaki chini ya gurudumu, na hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimemwamuru mama mkwe wangu kama mwanafunzi mtoro. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba sikutoka chini ya gari mpaka mke wangu aliporudi akaniona nyayo.

Nilimweleza. Aliweka mkono mdomoni, na sikujua kama anacheka au anaogopa. Nadhani vyote viwili. Aliniambia kwamba kwao kumfokea bokilo, yaani mkwe, ni jambo la kupelekwa mbele ya wazee. Lina faini yake, na faini si tabu; tabu ni kwamba unasimama mbele ya wote ukayarudia maneno uliyoyasema, neno kwa neno. Akasema kule Yanonge hatutasema lolote. Mama hatasema, yeye hatasema, na mimi nifunge mdomo wangu kwa mara ya kwanza maishani. Nilikubali kwa haraka.

Kesho yake tulishuka mteremko wa kivuko. Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili na jasho linanitiririka ndani ya abakosti. Nikakanyaga, na kamionete ikatii, ikashuka hatua kwa hatua kama bibi kizee anayeshuka ngazi, ikasimama juu ya mbao za kivuko pale alipoonyesha mpokeaji wa magari. Nyuma, juu ya benchi lake, mama mkwe wangu aligonga bati la kabini mara moja kwa kiganja. Mke wangu alisema hiyo ilikuwa alama ya mama na baba: vizuri. Moyo wangu ulitulia kidogo.

Njia ya Yanonge ilikuwa mashimo na majani, na tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea na mzigo. Tulisugua sabuni mara mbili. Tulipoingia kijijini jua lilikuwa bado lipo, na watoto walikimbia mbele yetu, na wanawake waliomjua mama walianza kuimba walipomwona amekaa juu kwenye benchi lake na kitambaa cheupe cha matanga. Papa mukubwa alitoka nje ya nyumba yake. Aliizunguka kamionete yote, akatikisa gurudumu kwa mguu, akatazama mbao, akarudi ndani.

Jumapili, baada ya sala na baada ya mjane kuvuliwa nguo za matanga, tulikaa uwanjani, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Papa mukubwa alisimama.

"Bon," alisema. "Motuka ya ndugu yangu imefika. Ilisemwa haitafika, imefika. Alors, motuka haijitengenezake yenyewe. Mutu aliyeifufua ndiye mwenyewe. Tunaipatia bokilo yetu, professeur."

Watu walipiga makofi. Waliniangalia kwa mapenzi kabisa. Na mimi nitasema kilichonipita moyoni, maana nimeahidi kusema kweli: niliitaka ile gari. Mshahara wa mwalimu wakati ule ulikuwa unakuja kama mgeni, siku anayotaka. Na gari lile nililijua kila boliti. Nikatazama upande wa wanawake. Mama mkwe wangu alikuwa ameinamisha kichwa, mikono mapajani. Angewezaje kusema kitu? Kumpinga mkwe wake mbele ya watu, kumnyang'anya alichopewa, ni adabu gani hiyo? Adabu yake ileile ilikuwa inamnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho cha mume wake. Nikaona aibu kwa tamaa yangu.

Nilisimama, nikasema kwamba sikuifufua mimi. Nilisema mimi nilikuwa mkono tu, aliyejua ni mama. Papa mukubwa akatabasamu, wazee wakatikisa vichwa wakiridhika. Mkwe mwenye adabu, wakasema, anamsifu mama mkwe wake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nikasema tena, wakaniridhikia zaidi. Nilivyozidi kusema kweli, ndivyo nilivyozidi kuonekana mpole. Ilinikera mno, na labda ni hasira zangu zilezile ndizo zilizonisukuma.

Nikasema kwamba siku mbili zilizopita nilimfokea mama mkwe wangu.

Hakuna aliyetikisa kichwa tena. Mke wangu alifumba macho. Papa mukubwa aliniuliza nilisema nini, na nikajua haitoshi kueleza kwa mbali. Nikavuta pumzi, nikayarudia maneno yangu mbele ya kijiji kizima, kwa sauti ileile niliyoyasemea chini ya gurudumu. Nikaeleza na sababu yake: kwamba kwa siku nne nilishindwa, kwamba mguu uliozitengeneza breki ulikuwa wake, na kwamba tangu nati ya kwanza hakuna kitu nilichofungua bila yeye kuiambia gari nifungue nini. Hakuna mtu anayejizulia aibu ya namna hiyo. Niliona kwenye uso wa mzee kwamba sasa ameniamini.

Alimgeukia mjane akamuuliza kama ni kweli. Mama mkwe wangu aliinua kichwa.

"Alipiga kelele, ndiyo," alisema. "Na miye nilifurahi. Tulikuwa tunaheshimiana mupaka motuka ilitaka kufa."

Aliyeanza kucheka alikuwa mzee mmoja wa nyuma, kisha wanawake, kisha uwanja wote. Papa mukubwa alijizuia kwa muda, kwa sababu ya cheo chake, halafu naye akashindwa. Alipopata pumzi alisema motuka ni ya mama, na asiyeridhika aende akaifungue nati moja aone kama ataijua inashika nini. Kisha akageuka kwangu, akasema faini ya kumfokea bokilo ni kuku mmoja, hapa hapa, leo.

Sikuwa na kuku. Nilianza kueleza kwamba nimetoka mbali, na mke wangu akainuka, akaenda nyuma ya kamionete, akatoa kikapu kilichofunikwa kwa majani. Ndani yake alikuwamo kuku mwekundu amefungwa miguu. Alikuwa amesafiri nasi kutoka mjini jana yake, na sikujua. Aliponipitia karibu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba siri ikikaa tumboni mwangu siku mbili itanitoboa, na yeye ananijua.

Kuku alipikwa kwa mawese na pondu ya majani ya muhogo ikafuata. Sahani ya kwanza ilipelekwa kwa papa mukubwa, na juu yake ilikuwa firigisi, kama kawaida, kwa sababu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mzee aliichukua kwa vidole viwili. Alivuka uwanja mpaka upande wa wanawake, akaiweka mkononi mwa mjane. Sijawahi kuona mwanamke akipewa kile kipande mbele ya wanaume, wala wale waliokuwapo hawakuwa wameona.

Mama mkwe wangu aliitazama. Akaiuma katikati, akatafuna mbele ya macho yangu bila kugeuza uso. Halafu akasimama, akaja mpaka nilipokaa, akaninyooshea nusu iliyobaki.

"Kamata, mutoto wangu," alisema. "Miye na weye tumefanya kazi."

Niliipokea kwa mikono miwili, nikala nikimwangalia usoni. Nilikuwa nimeishi naye mwaka mzima, na ndiyo siku nilipojua kwamba macho yake na ya mke wangu ni mamoja.